Timu ya Kilimani

Katika miaka ya 1980 walikuwapo Wamarekani weusi walioamini kabisa kwamba Georgetown ni chuo cha watu weusi. Usiwacheke. Kwenye televisheni waliona timu ya mpira wa kikapu ambayo wachezaji wake karibu wote walikuwa weusi, na pembeni ya uwanja pandikizi la mtu, naye mweusi, futi sita na inchi kumi, taulo jeupe begani, akimfokea refa. Jaketi za Georgetown, buluu na kijivu, zilivaliwa na vijana wa mitaa ya watu weusi kutoka New York hadi Los Angeles, na wengi wao wasingeweza kukuonyesha chuo hicho kilipo kwenye ramani. Aliyeona hayo yote angefikiri nini kingine?

Kumbe Georgetown ni chuo kikuu cha Wakatoliki, kikongwe kuliko vyote vya aina yake nchini Marekani. Kilianzishwa 1789 na John Carroll, askofu wa kwanza Mkatoliki wa nchi hiyo, kikalelewa na mapadri Wajesuiti. Kimekaa juu ya kilima kinachotazama mto Potomac, upande wa magharibi wa Washington, na wenyewe hukiita hivyo hivyo, Kilimani. Bill Clinton alihitimu hapo 1968. Kwa vizazi vingi waliosoma humo walikuwa watoto wa kizungu wa familia zenye nafasi, na karo yake si ya kuchezea.

Lakini watu weusi walikuwapo Kilimani tangu mwanzo, ila si darasani. Wajesuiti wa Maryland walikuwa na mashamba na watumwa wa kuyalima, na jasho la watumwa hao lilikisaidia chuo kusimama. Mwaka 1838 chuo kikiwa na madeni, mapadri waliuza watu 272, wakiwamo wazee, wanawake na watoto wachanga, kwa dola 115,000. Wengi wao walipakiwa melini wakapelekwa Louisiana kwenye mashamba makubwa ya kusini. Aliyesimamia biashara hiyo, Padri Thomas Mulledy, alikuwa ametoka tu kwenye kiti cha urais wa chuo. Sehemu ya fedha ikalipa madeni, na jengo moja la chuo likaja kuitwa kwa jina lake.

Kisha kuna kisa cha Patrick Healy, rais wa chuo kuanzia 1874 hadi 1882. Huyu alizaliwa Georgia, baba yake akiwa mzungu kutoka Ireland na mama yake mtumwa, na kwa sheria ya Georgia mtoto alifuata hali ya mama. Maana yake mtu aliyekuja kuwa rais wa Georgetown alizaliwa mtumwa. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kumpitisha, akahesabiwa mzungu maisha yake yote, na jengo kuu lenye mnara unaoonekana kutoka ng'ambo ya mto lina jina lake hadi leo. Kwa hiyo chuo kilikuwa na rais mwenye damu nyeusi miaka mingi kabla hakijawa tayari kumpokea mwanafunzi mweusi. Historia ina utani wake.

Hata mtaa unaokizunguka chuo, huo wa nyumba za matofali mekundu zinazouzwa leo kwa mamilioni, zamani ulikuwa na familia nyingi za watu weusi. Kuanzia miaka ya 1930 bei za nyumba zilianza kupanda, wakaondoka mmoja mmoja. Kufikia 1970 mji wa Washington ulikuwa na wakazi weusi wapatao asilimia 71, lakini Kilimani ukisimama ungedhani uko mji mwingine. Aprili 1968 Martin Luther King alipouawa, mitaa ya watu weusi iliwaka moto, na moshi wake ulionekana kutoka majengo ya chuo. Baada ya moshi huo ndipo wakuu wa Georgetown walipoanza kujiuliza wana uhusiano gani na mji wanaoishi ndani yake.

Kilima hicho ndicho alichokuja kukipanda John Thompson, yule kocha wa taulo jeupe, mwezi Machi 1972.

Thompson alizaliwa mjini humohumo mwaka 1941 na kukulia upande wa Anacostia, ng'ambo ya mto mwingine, ule ambao watalii hawaupigi picha. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha vigae na hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake, Anna, alisomea ualimu, lakini akaishia kufanya usafi katika nyumba za wazungu. Upande wa baba walitoka Maryland ya kusini, kulekule kulikokuwa na mashamba ya Wajesuiti, na Thompson alikuja kusimulia jinsi alivyowaona watu weusi wa huko wakikaa viti vya nyuma kanisani. Mtoto mwenyewe alisumbuka sana na kusoma. Shule ya Kikatoliki aliyokuwa akisoma ilimwona mzito wa akili, ikamtoa. Akahamia shule ya serikali, na huko mwalimu mmoja mweusi, Sametta Wallace Jackson, akagundua kuwa akili anayo, anachokosa ni mtu wa kukaa naye na kumfundisha kusoma. Mengi aliyoyafanya baadaye kama kocha yalianzia kwa mama huyo, na mwenyewe hakuwahi kulificha hilo.

Mpira aliukuta klabu ya watoto iliyoendeshwa na polisi wa mji, mikononi mwa mzee aliyeitwa Jabbo Kenner. Mwili ulipoongezeka akachukuliwa na sekondari ya Archbishop Carroll, shule ya Kikatoliki iliyochanganya wazungu na weusi tangu ilipofunguliwa, na timu yao ikashinda mechi 55 mfululizo. Mmoja wa wenzake katika timu hiyo, mzungu aliyeitwa Edward Malloy, akaja kuwa padri na rais wa Chuo Kikuu cha Notre Dame. Thompson akaenda chuo cha Providence, kisha Boston Celtics ya ligi ya kulipwa ya NBA, ambako kwa misimu miwili alikaa benchi nyuma ya nyota wao, Bill Russell. Ukikaa nyuma ya Russell huchezi, ila unajifunza. Mwaka 1966 angeweza kwenda timu mpya ya Chicago. Akakataa, akarudi nyumbani kufanya kazi na vijana na kufundisha timu ya St. Anthony, sekondari ndogo ya Kikatoliki mjini.

Georgetown ilimfuata baada ya aibu. Msimu wa 1971–72 timu ilishinda mechi 3 na kufungwa 23. Kamati ya kutafuta kocha ikaongozwa na Charles Deacon, mkuu wa udahili. Na hilo lilikuwa na maana yake: chuo kilitaka kocha, lakini pia kilitaka wanafunzi weusi wa Washington, na Thompson aliwajua wazazi wao kwa majina. Alikuwa na miaka 30 tu na hajawahi kufundisha chuo. Akaja na vijana wake wa St. Anthony, akiwamo Merlin Wilson, na msimu wa kwanza wakashinda mechi 12.

Akaja pia na Mary Fenlon, mwalimu wa St. Anthony, mzungu aliyewahi kuwa sista. Kazi yake ilikuwa masomo ya wachezaji, na siku za mechi alikaa benchi pamoja na makocha. Mchezaji asiyekwenda darasani hakusafiri na timu, hata awe nani. Na mezani kwa Thompson ulikuwapo mpira usio na upepo. Kila kijana aliyeingia ofisini aliuona, na kila mmoja alielezwa: siku moja upepo wa mpira utakutoka, je, utabaki na nini mkononi? Vijana walichoka kuusikia mfano huo. Lakini kati ya wachezaji waliomaliza naye miaka minne, asilimia 97 walipata shahada. Timu za vyuo vingine zilizowatumia vijana weusi kisha kuwatupa zilikuwa nyingi mno, ndiyo maana namba hiyo ilisimuliwa kwa vinyozi na makanisani Washington kama namba za mabao.

Si kila mtu alifurahi. Februari 1975, timu ikiwa imefungwa mechi kadhaa mfululizo, shuka lilitupwa kupitia dirisha la ukumbi wa McDonough wakati mechi inakaribia kuanza. Liliandikwa kwamba Thompson aondoke, na katikati ya maneno kulikuwa na lile tusi kongwe wanaloitwa watu weusi Marekani. Ni ukumbi wa chuo chenyewe, mbele ya wachezaji wake na watu waliokuja kutazama. Wiki chache baadaye timu hiyohiyo ilikutana na West Virginia katika fainali ya kuwania nafasi ya mashindano ya taifa ya NCAA. Derrick Jackson akarusha mpira dakika ikiyoyoma, ukaingia, 62 kwa 61. Georgetown haikuwa imefika mashindano hayo tangu 1943.

Tangu hapo mashuka hayakuonekana tena. Ushindi una namna yake ya kuwafundisha watu adabu, ingawa sina hakika kama waliolitupa lile la kwanza walibadilika au walinyamaza tu.

Vijana wa mji wakaanza kupanda Kilimani. John Duren na Craig Shelton walitoka sekondari ya Dunbar, shule yenye heshima ya miaka mingi miongoni mwa weusi wa Washington, na wakienda nao walibeba mashabiki wa mtaa mzima. Eric Floyd, aliyejulikana kwa jina la utani la Sleepy, alitoka North Carolina. Bahati nayo ilikuja kwa wakati wake: mwaka 1979 vyuo saba vya mashariki viliunda ligi ya Big East, na mwaka huohuo ikazaliwa ESPN, televisheni ya michezo iliyohitaji mechi za kujaza saa zake. Februari 1980 Georgetown ilikwenda Syracuse, katika ukumbi wa Manley ambao wenyeji walikuwa wameshinda mechi 57 mfululizo na siku hiyo walikuwa wakiuaga. Georgetown ikashinda 52 kwa 50. Thompson akashika kipaza sauti na kuwatangazia kwamba sasa ukumbi umefungwa rasmi. Syracuse hawajamsamehe.

Mwaka uliofuata alikuja Patrick Ewing. Alizaliwa Kingston, Jamaica, akahamia Cambridge karibu na Boston akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, na akajifunza mpira wa kikapu huko. Vyuo vikubwa vyote vilimtaka. Mama yake, Dorothy, aliyefanya kazi jikoni hospitalini, alitaka kitu kimoja: mwanawe apate shahada. Alifariki 1983 bila kuiona, na Ewing akaichukua 1985 kama walivyoahidiana. Kabla ya siku hiyo alipitia mengi. Katika viwanja vya ugenini mashabiki waliinua mabango yaliyosema hajui kusoma, mengine yakamwita nyani, na mara moja ganda la ndizi lilirushwa uwanjani. Thompson aliwahi kuitoa timu yote uwanjani mpaka bango liondolewe. Anayesema kwamba Georgetown walicheza kwa hasira akumbuke na hayo, ingawa ni kweli pia kwamba ngumi zilirushwa, na si mara moja. Timu ilikuwa na ubabe. Magazeti ya wazungu yaliupa ubabe huo jina la ujambazi, ambalo timu za wazungu wenye viwiko vikali hazikupewa.

Ukumbi wa McDonough, wenye nafasi ya watu wapatao 4,000, haukutosha tena. Mechi zikahamishiwa Capital Centre, Landover, jimboni Maryland, katika wilaya ya Prince George's ambako familia za weusi wa tabaka la kati zilikuwa zikihamia kutoka mjini. Hili halisemwi sana, lakini naliona kubwa. Wanafunzi wa Kilimani walilazimika kupanda mabasi kwenda kuitazama timu yao, na mashabiki wapya walikuwa nyumbani. Timu ilikuwa imeondoka kilimani kimwili, ikaenda kukaa na waliokuwa wakiipenda.

Machi 1982, New Orleans, nusu fainali na fainali za mashindano ya taifa, watazamaji 61,612. Thompson aliificha timu yake Biloxi, Mississippi, mbali na waandishi na kelele, na waandishi wakachukia. Walipomuuliza anajisikiaje kuwa kocha mweusi wa kwanza kufika hatua hiyo, alikasirika. Swali hilo, alieleza, lilidokeza kwamba waliomtangulia walikosa uwezo, ilhali walikosa nafasi. Katika fainali dhidi ya North Carolina, kijana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Michael Jordan alifunga zikiwa zimebaki sekunde kumi na kitu, 63 kwa 62. Georgetown walikuwa na muda wa kujibu. Fred Brown akapiga pasi kwa mtu aliyedhani ni mwenzake. Alikuwa James Worthy wa North Carolina. Mchezo ukaisha hapo.

Kamera zilimtafuta Brown, zikamkuta kifuani kwa Thompson, amekumbatiwa kama mtoto aliyevunja chombo cha bei na baba akaamua kutomchapa. Ukitaka kujua kwa nini akina mama weusi wa Marekani walimkabidhi mtu huyu watoto wao kwa miaka 27, anza na picha hiyo.

Miaka miwili baadaye, Seattle, wakaikuta Kentucky katika nusu fainali. Kipindi cha pili Kentucky walirusha mipira 33, ikaingia 3. Ukabaji wa namna hiyo haukuwa umeonekana. Fainali ilikuwa Aprili 2, 1984, dhidi ya Houston ya Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuwa ameujua mchezo huu kwa miaka michache tu. Reggie Williams wa Baltimore alifunga pointi 19, Georgetown ikashinda 84 kwa 75, na Thompson akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa vyuo vikubwa vya Marekani. Alimkumbatia tena Fred Brown, safari hii wote wakicheka. Mwaka 1985 walirudi fainali wakiwa wanapewa nafasi kubwa ya kushinda, wakafungwa na Villanova 66 kwa 64. Villanova walirusha mipira 28 wakakosa 6 tu, na dhidi ya watu wa namna hiyo hakuna la kufanya. Wakati wa kukabidhi zawadi wachezaji wa Georgetown walisimama wakawapigia makofi. Magazeti yaliyowaita majambazi yalikuwa na nafasi ndogo ya kuliandika hilo.

Msomaji wa Kongo atakuwa ananisubiri kwa Mutombo. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika Kilimani 1987 kwa udhamini wa serikali ya Marekani, akitaka kuwa daktari. Kiingereza hakukijua. Mwaka wa kwanza hakuchezea timu, alisoma lugha. Thompson alipoliona jitu la futi saba na zaidi likitembea na madaftari alijua la kufanya, lakini Mary Fenlon na walimu wake ndio waliokuwa na kazi ngumu zaidi. Mutombo akacheza pamoja na Alonzo Mourning, wawili wakizuia mashuti kiasi kwamba mashabiki walitenga safu yao uwanjani na kubandika alama ya kiganja kwa kila mpira uliozuiwa. Alihitimu 1991 katika isimu na diplomasia, akiwa anazungumza lugha za Ulaya na za Afrika zinazofika karibu tisa. Udaktari haukutokea. Kilichotokea ni hospitali: mwaka 2007 ilifunguliwa Kinshasa hospitali yenye vitanda 300 iliyobeba jina la mama yake, Biamba Marie, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka mfukoni mwake. Alifariki Septemba 30, 2024. Mpira wake, yule kocha angesema, ulitoka upepo akiwa na kitu mkononi.

Miaka hiyohiyo ya Mutombo na Mourning, Washington iliharibiwa na kokeini ya kuvuta. Aliyeitawala biashara hiyo alikuwa kijana wa mjini, Rayful Edmond, mpenzi mkubwa wa mpira wa kikapu, aliyeonekana mechini na kuzoeana na wachezaji. Thompson alipopata habari hakwenda polisi wala magazetini. Alituma ujumbe mitaani kwamba anataka kumwona. Na Edmond akaja, akapanda kilima hadi ofisini McDonough, akaambiwa uso kwa uso akae mbali na vijana wa timu. Aprili 1989 alikamatwa, na Mourning akaitwa mahakamani kutoa ushahidi. Nimefikiri mara nyingi kuhusu mkutano ule. Ni kocha gani mwingine wa chuo cha aina hiyo ambaye ujumbe wake ungefika kwa mtu kama Edmond, na mtu huyo akaitika? Thompson aliweza kwa sababu hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa Anacostia aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo ya mji.

Januari ya mwaka huohuo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipitisha kanuni iliyojulikana kama Pendekezo la 42, iliyowanyima udhamini wa masomo wanamichezo wapya wasiofikisha alama fulani katika mtihani wa kuingilia chuo. Thompson aliona ni mlango unaofungwa usoni mwa watoto maskini, hasa weusi, watoto kama yeye kabla ya mwalimu Jackson. Januari 14, kabla ya mpira kurushwa dhidi ya Boston College, alitoka benchi akatembea kuelekea mlangoni. Ukumbi wa Capital Centre ulisimama ukampigia makofi mpaka akapotea machoni. Mwaka uliofuata kanuni ililegezwa. Kocha wa chuo cha Wajesuiti alikuwa amegoma hadharani, na chuo kilisimama naye. Wale waliomwajiri 1972 kwa ajili ya kushinda mechi chache nadhani hawakulifikiria hilo.

Mlango wa McDonough wenyewe ulikuwa wazi kila kiangazi. Tangu 1982 ukumbi ulipokea Ligi ya Kenner, iliyopewa jina la yule mzee wa klabu ya polisi, na watu wa mji waliingia bure kuwatazama wachezaji wa chuo wakichanganyika na mabingwa wa mitaani. Mwaka 1994 ligi hiyo ilifurika hadi watu kukosa pa kusimama. Alikuwa amekuja Allen Iverson.

Iverson alitoka Hampton, Virginia. Mwaka 1993 alihukumiwa jela baada ya vurugu kati ya vijana weusi na wazungu katika ukumbi mmoja wa kuvingirisha mipira, na akakaa miezi minne kabla gavana Douglas Wilder hajamwachia. Hukumu yenyewe ilifutwa baadaye. Vyuo vilivyokuwa vikimbembeleza vilikuwa vimemkimbia. Mama yake, Ann, alimwendea Thompson akamwomba amwokoe mwanawe. Thompson alimpokea, na kijana mdogo wa umbo akazihangaisha timu za Big East kwa misimu miwili, akivaa jezi ambazo wakati huo zilitiwa nakshi za kente, kitambaa cha Waashanti wa Ghana. Fikiria: chuo cha mapadri waliouza watu wa asili ya Afrika 1838 kimevaa kente mbele ya televisheni za nchi nzima. Iverson alikuwa wa kwanza kumwacha Thompson kabla ya shahada na kwenda NBA, na Thompson hakumlaumu. Familia ilikuwa na shida. Mwaka 2016, akiingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu, Iverson alimshukuru kwa kumwokoa maisha.

Thompson alijiuzulu Januari 1999, akiwa na ushindi wa mechi 596. Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu yalipita haraka. Mwanawe, John Thompson III, naye akiwa kocha, aliifikisha timu nusu fainali ya taifa 2007, na katika timu hiyo alikuwamo mtoto wa Ewing. Kisha ikaanza kushuka. Mwaka 2017 wakamwita Ewing mwenyewe awe kocha. Machi 13, 2021, siku ileile ambayo Thompson aliajiriwa miaka 49 kabla, Ewing alitwaa kombe la Big East katika Madison Square Garden, ukumbi ambao jezi yake imetundikwa darini na ambao wiki hiyo walinzi wake walikuwa wakimwomba kitambulisho. Msimu uliofuata timu ilicheza mechi 19 za ligi ikafungwa zote 19. Mwaka 2023 aliondolewa.

Jaketi zile mitaani sasa ni za kumbukumbu. Mji wenyewe umebadilika. Weusi si wengi wa wakazi tena, na wale waliohamia Prince George's wana timu nyingine za kushabikia. Mimi sioni kwamba mapenzi yale yalikuwa ya Georgetown. Mji ulimpenda mtoto wake, naye akawa anafanya kazi huko, na chuo kikakaa kivulini pake kwa miaka 27 kikidhani kivuli ni chake. Thompson alifariki Agosti 30, 2020, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 79. Wasifu aliousimulia ulitoka Desemba. Yule mtoto aliyeambiwa hawezi kusoma ameacha kitabu.

Oktoba 2016 chuo kilizindua jengo jipya la michezo lenye jina la John Thompson, na sanamu yake ndani. Aprili 2017, baada ya wanafunzi kugoma na vizazi vya wale 272 kupatikana Louisiana na kwingineko, Wajesuiti na chuo waliomba radhi hadharani. Jina la Padri Mulledy lilikuwa limekwisha kuondolewa kwenye jengo lake. Sasa jengo hilo linaitwa Isaac Hawkins, mtu mweusi ambaye jina lake ni la kwanza katika orodha ya waliouzwa.